Mama Mkwe Chini ya Mlingoti

Mimi ni mtu wa nchi kavu. Nilizaliwa upande ule wa Migori unaotazamana na Tanzania, kwenye mahindi, tumbaku na ng'ombe, na mpaka nikaota ndevu maji mengi kuliko yote niliyokuwa nimeyaona ni ya mto uliofurika. Ukiniuliza ilikuwaje nikawa nahodha wa katamarani huko Takawiri, nitakujibu kwamba ni njaa tu, usitafute sababu nyingine. Nilienda kisiwani kulinda geti la hoteli ya wageni. Mwenye hoteli akanunua chombo cha tanga, nahodha akaletwa kutoka Mombasa aje afundishe mtu, na huyo nahodha akatutazama wafanyakazi wote akanichagua mimi. Alisema wengine walikuwa wanajifanya wanajua. Alikaa nami mpaka nikaweza, kisha akarudi kwao.

Kwa asiyeijua, katamarani ni mitumbwi miwili mirefu iliyoshikanishwa na sakafu pana katikati. Juu ya sakafu kuna kijumba cha kupumzikia, nyuma yake usukani na viti vya wageni, mbele yake mlingoti. Wageni wanaipenda kwa sababu haiinami; unaweka kikombe cha chai mezani Takawiri na unakikuta kimejaa Mbita. Na ubaya wake uko hapohapo. Nahodha alinirudia jambo hilo mpaka nikamchoka. Mashua ya kawaida upepo ukiizidi inalala ubavu, unaingiwa na woga, unapunguza tanga, unapona. Katamarani hailali. Inakaa tuli na kuzidi kukimbia, na wewe mjinga unafurahia mwendo, halafu ghafla mtumbwi mmoja unanyanyuka, au pua zinazama, na mmepinduka. Ikipinduka haigeuki tena, inabaki miguu juu. Kwa hiyo tanga hukunjwa mapema, wakati bado unaona hakuna haja. Povu jeupe likitapakaa ziwani, unashusha tanga mpaka safu ya kwanza ya matundu yake, unafunga, unaendelea kwa adabu. Povu likizidi, unashuka mpaka safu ya pili. Na kwa chombo chetu kazi hiyo haifanyiki ukiwa umekaa kwenye usukani. Kamba zote za kushushia tanga ziko pale chini ya mlingoti, lazima uende.

Sasa mke wangu ni wa Muhuru Bay, mtu wa ziwa kabisa, baba yake marehemu alikuwa mvuvi na kaka zake ni wavuvi. Nilipoenda kujitambulisha waliniuliza kama najua kuogelea kabla hawajaniuliza nina ng'ombe wangapi. Sisi Wakuria na wao Wajaluo tunatofautiana kwa mengi, lakini kwa mama mkwe tuko kitu kimoja. Humshiki mkono. Huli mbele yake. Ukikutana naye njiani, wewe ndiwe unayeingia kichakani. Kumwona amelala, au nguo imempanda, ni mwiko mkubwa, wao wanauita kwer, na kwetu pia watu wazima hawatamki jambo kama hilo. Ukiwa na neno, unampa mtu amfikishie. Najua vijana wa siku hizi wanakumbatiana na mama wakwe zao na kupiga picha. Heri yao. Mimi siwezi, nimejaribu hata kuwaza tu nikatokwa na jasho.

Basi chombo kiligonga mwamba, tukakipeleka Muhuru Bay kwa fundi wa mashua anayeaminika. Kilipokuwa kinapona, mke wangu kule Takawiri akajifungua mtoto wetu wa kwanza. Siku ya mimi kukirudisha Takawiri ikafika, na mama yake alikuwa anataka kuja kumwona mjukuu. Kwa barabara ni safari ya kuzunguka dunia: Migori, Rongo, Homa Bay, Mbita, halafu bado maji. Mke wangu akanipigia simu akasema si nakuja na chombo kitupu, nimlete. Nikasema upepo wa kipindi hiki si mzuri. Nikasema fundi hajamaliza rangi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza ni dereva gani huyo anayebeba Wazungu kila wikendi na hawezi kubeba mama yake. Nikakubali.

Walikuja ufukweni wawili, asubuhi, wanawake wa omena, dagaa wa ziwani, wakiwa wanatandaza nyavu zao za kukaushia. Mama mkwe alikuwa amevaa nguo za kanisani, na macho yake yalikuwa kwenye maji, hayakuwa kwangu. Nyuma yake alikuja mama yake mzazi, nyanya wa mke wangu, kikongwe mwenye magoti mabovu na mdomo mzima. Nyanya anaruhusiwa utani, na yeye anautumia wote. Tangu nioe ananiita bwanangu. Nilishukuru Mungu kumwona, kwa sababu bila yeye ningeongea na nani humo ndani? Walibeba ndizi, gunia la omena, sufuria kubwa na kuku waliofungwa miguu.

Nilimpa nyanya jaketi mbili za kuelea nikamweleza namna ya kufunga. Ya kwake aliifunga vizuri. Ya mwanawe akafunga kifungo cha juu tu, mkanda wa chini ukabaki unaning'inia. Niliuona. Jaketi iliyofungwa hivyo ukianguka majini inapanda masikioni na wewe unashuka, hilo nilifundishwa siku ya kwanza. Lakini ule mkanda unapita kifuani, na mimi nianze kutaja kifua cha mama mkwe ufukweni, mbele ya wanawake wote wale? Nikageuka nikajifanya natafuta nanga.

Nikapandisha tanga lote, wao wakiwa wamesimama pembeni wananitazama ninavyovuta kamba pale chini ya mlingoti. Kisha nikamwomba nyanya amwambie mama akae nyuma, kwenye viti vya wageni. Lakini nyuma ndiko kwenye usukani, ndiko niliko mimi. Mama mkwe akaenda mbele kabisa kwa heshima zake, akakaa chini ya mlingoti juu ya zile kamba nilizokuwa nimezikunja vizuri, akanyoosha miguu ikaziba njia. Nyanya akacheka, akasema bwanangu umekimbiwa. Mimi nikajiambia upepo ni mdogo, tutafika hivyohivyo. Nilijua si sawa, nikalinyamazia.

Tuliondoka na upepo wa nyuma, ziwa likiwa zuri. Nyanya alikuwa amekaa karibu nami akinichokoza. Aliona sijagusa maji tangu asubuhi na akajua mara moja kwa nini: nikinywa nitahitaji kujisaidia, na humo ndani nitajificha wapi? Alinitajia chai, uji, soda baridi, kila kitu cha kunywa anachokijua. Nilicheka mpaka nikasahau woga. Tulipopita Sori tumbo likamgeuka, akaingia kwenye kijumba kulala. Nikabaki na usukani, na mbele yangu, kwa ubavu wa kijumba, naona miguu ya mama mkwe na viatu vyake vya kanisani.

Povu la kwanza liliota upande wa kulia, halafu likawa kila mahali. Nilijua hiyo ni saa ya kukunja. Nikafunga usukani kwa kamba, nikapita pembeni kwenda mlingotini, na nikasimama kabla sijafika. Alikuwa amefumba macho. Kichwa kimeegemea mlingoti, leso aliyojifunga juu ya gauni imeteleza magotini, na kamba ninayoitaka iko chini ya paja lake. Nikakohoa kama mtu anayebisha hodi. Nikakohoa tena kwa nguvu. Hakutikisika. Nikawaza kumwamsha, nikawaza atafumbua macho anikute nimemsimamia, mimi, mkwe, naye nguo iko vile. Nikarudi nyuma kinyumenyume.

Nikamwita nyanya mlangoni aje amwamshe. Nyanya alikuwa ameshika ndoo, akaniambia bwanangu, wacha nife polepole. Basi nikarudi kwenye usukani nikajifariji. Upepo wa nyuma ni mwongo sana: unakimbia nao, kwa hiyo huusikii usoni, unadhani ni mpole. Nilijua hivyo na bado nikaukubali uongo wake, kwa sababu ulinipa ruhusa ya kukaa. Maji yalikuwa yananguruma kati ya mitumbwi, usukani unatetemeka mkononi, na aibu nyingine hii hapa: kuna mahali nilikuwa nafurahi. Niliwaza mashemeji zangu wavuvi wangeona mtu wa tumbaku anavyokwenda.

Tulipofika usawa wa milima ya Gwassi wingu lilikuwa limekaa juu yake, na upepo ukashuka kutoka mlimani ukatupiga kwa ubavu. Mtumbwi wa kulia ulitoka majini. Niliuona wote, mpaka rangi mpya ya fundi. Pua ya kushoto ikaingia ziwani kama jembe, maji yakaja juu ya sakafu, ndizi zikaenda, sufuria ikaenda, na mimi nikaona waziwazi kwamba tunapinduka, kwamba wale wanawake wawili hawajui kuogelea, mmoja yuko ndani ya kijumba na mwingine jaketi yake haikufungwa, na mke wangu amekaa Takawiri na mtoto mchanga anatungoja. Nililegeza yote ile kamba ya kulishika tanga, iliyo hapo kwenye usukani, ikanichoma viganja. Chombo kikasimama vile juu, kikafikiri, kikaanguka chini kwa kishindo.

Tulikuwa hai, lakini hatukuwa tumepona. Tanga lote lilikuwa bado juu linapiga kelele, na kutoka Gwassi mvua ilikuwa inakuja juu ya maji, na mbele ya mvua upepo mwingine. Ule ukitukuta na tanga lile, ni kwaheri. Nikawasha injini, nikaelekeza pua kwenye upepo, nikafunga usukani, nikakimbia mbele.

Mama mkwe alikuwa ameukumbatia mlingoti kwa mikono miwili, jaketi imempanda masikioni, bado amekalia kamba. Na mimi, ambaye sijawahi kumwambia hata shikamoo ya ana kwa ana, nikamfokea.

"Toka! We, toka hapo!"

Hiyo ndiyo sauti tunayofukuzia ng'ombe akiingia kwenye mahindi. Hakutoka, hakuwa na uwezo wa kutoka. Nikamtoa vidole kimoja kimoja kwenye mlingoti. Nikamshika chini ya makwapa nikamkokota mpaka ukutani mwa kijumba, leso ikapeperuka ikaenda ziwani, nikamkandamiza kwa goti langu asiteleze, nikauvuta ule mkanda wa jaketi nikaufunga mwenyewe kifuani pake. Nikamwacha pale. Nikarudi mlingotini nikashusha tanga mpaka safu ya pili ya matundu, nikafunga, vidole havisikii. Upepo wa pili ukaja na mvua yake. Chombo kikalalamika, kikatetemeka kote, kikabaki chini, mitumbwi yote miwili majini. Kwa tanga dogo lile tukavuka.

Mvua ilipopungua nyanya akatoa kichwa mlangoni. Akamtazama mwanawe aliyelowa akiwa na gauni tu bila leso, akanitazama mimi.

"Bwanangu," akasema, "sasa umetuoa sisi wote?"

Sijawahi kutamani kuzama, ila dakika ile nilitamani. Nyanya alimpa mwanawe leso yake mwenyewe wakaingia ndani, wakakaa humo njia yote iliyobaki. Mimi nilishika usukani nikatazama maji. Viganja vilikuwa vimechubuka na bado nilichokisikia mikononi ni yale makwapa, uzito wake, na vidole vyake vilivyokuwa vinang'ang'ania. Na ile "we". Ningeweza kusema mama. Neno mama ni fupi tu, lingenichelewesha nini?

Takawiri mke wangu alikuwa ufukweni na mtoto amefunikwa. Mama yake alishuka, akapita pembeni yangu bila kugeuza shingo, akampokea mtoto, wakaenda nyumbani. Niliogopa atakataa kuingia kwangu. Niliogopa watataka mbuzi, dawa za kunitakasa, wazee wa pande mbili waitwe tuketi tuongee jambo lile mchana kweupe. Hakuna aliyetaka kitu. Yeye ni Msabato, labda ndiyo sababu, na labda hakutaka tu litajwe. Kimya kile kilinila kuliko mbuzi kumi.

Kwa kawaida mama mkwe akiwa nyumbani kwako wewe hulali humo, kwa hiyo nililala chomboni, na nilishukuru kuwa na kisingizio. Mke wangu aliniuliza kulikoni, nikasema tulipigwa na mvua kidogo. Nyanya ndiye aliyewasimulia watu, naye anapenda kusimulia akisimama na kuonyesha kwa mikono. Kufikia Jumapili wapishi wa hoteli walikuwa wananiuliza kama leo nabeba mizigo au nabeba wakwe. Hata mwenye hoteli alisikia, akanipongeza, akasema nimeokoa chombo. Nilimwitikia asante huku natazama viatu vyangu. Alikuwa anamsifu mtu aliyekunja tanga, na mimi nilikuwa namfahamu yule aliyekwenda mbele akarudi bila kulikunja.

Siku chache baadaye nilipeleka maji nyumbani. Nyumba yetu ina dirisha moja upande wa nyuma, lenye pazia, na mtungi huwekwa chini yake. Mke wangu alikuwa ameenda kuoga. Nikaweka mtungi kimyakimya niondoke, na nikasikia sauti kutoka nyuma ya pazia.

"Ni wewe?"

Alikuwa yeye. Tangu niingie kwenye ukoo ule hajawahi kuniuliza kitu moja kwa moja. Nikaitikia. Maneno niliyokuwa nimeyapanga usiku kucha chomboni yakatoka yote pamoja, nikasema mama nisamehe, nilikushika, nilikufokea, nilikosa adabu, chochote mnachotaka nitatoa.

"Siulizi hiyo," akasema. "Hiyo ulituokoa. Mimi nauliza ile mara ya kwanza."

Nikainama nikauweka sawa mtungi.

"Ulikuja ukasimama ukakohoa. Nilikusikia, sikuwa nimelala. Nilijua unataka kamba, si nilikuona ukizivuta asubuhi? Lakini magoti yalikuwa yamekufa ganzi, ningeinuka namna gani mbele yako? Ningetambaa kama mtoto. Nikafumba macho, nikasema wacha nijifanye nimelala, atapita achukue kamba yake afanye kazi, tusione haya, yeye wala mimi. Nikangoja." Akamsogeza mtoto, nikamsikia mtoto akiguna. "Mbona ulirudi?"

Nilitaka kusema nilirudi kwa ajili ya heshima. Neno lilifika mdomoni na likagoma kutoka, kwa sababu heshima alikuwa nayo yeye, amekaa juu ya kamba na macho yamefumbwa, anangoja nifanye kazi yangu, huku povu linaongezeka. Angezama hivyohivyo, amefumba macho kwa ajili yangu. Yangu ilikuwa woga tu wa kuonekana.

Alingoja jibu kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili. Mtoto akaanza kulia, akamnyamazisha kwa ule wimbo wao wa huko Muhuru, na alipomaliza bado hakuvuta pazia, bado alikuwa pale. Nami nikaondoka, nikateremka ufukweni, nikapanda chomboni nikajishughulisha na kamba ambazo hazikuwa na shida yoyote. Hajaniuliza tena, na mimi sijamjibu.